Kiambishi cha Kilatini na Silabi ya Kihispania

Katika kufundisha Kihispania, somo la viambishi awali vilivyorithiwa kutoka Kilatini huwekwa mara nyingi jirani na somo la kukata silabi, na mwanafunzi huondoka akidhani kwamba mipaka ya somo moja ndiyo mipaka ya la pili. Dhana hiyo yafaa ipingwe.

Tutazame neno inscribir, yaani kuandikisha. Lina in- mbele ya kitenzi cha Kilatini scribere, kuandika. Alikataye kwa kufuata maana ataandika in-scri-bir, naye atakuwa amekosa, kwani Mhispania hutamka ins-cri-bir. Kinywa chake hakikubali silabi ianzayo kwa s iliyofuatwa na konsonanti. Ndiyo sababu scribere, liliposimama peke yake, lilitanguliziwa irabu likawa es-cri-bir. Na penye kiambishi, s huliacha shina lake ikaegemea kiambishi. Vivyo hivyo cons-truir, obs-tá-cu-lo na pers-pi-caz.

Konsonanti ikiwa moja tu kati ya irabu mbili, kiambishi ndicho kipotezacho. Desarmar, kunyang'anya silaha, limeundwa kwa des- na armar, lakini silabi zake ni de-sar-mar. Sisi wasemaji wa Kiswahili tusistaajabu: meno ni ma- na -ino, wala hakuna autafutaye mpaka huo ndani ya me-no.

Lakini isidhaniwe kwamba kinywa hushinda daima. Kwa kawaida b ikifuatwa na l au r huungana nayo mwanzoni mwa silabi, kama katika ha-blar na o-bra. Sublime, lenye maana ya tukufu, lilipokewa zima kutoka Kilatini, nalo hufuata njia hiyo: su-bli-me. Sublunar, kilicho chini ya mwezi, hukatwa sub-lu-nar. Na subrayar, kupigia neno mstari, ni sub-ra-yar, r yake ikitetema kama r ya mwanzo wa neno. Msemaji angali anasikia humo luna, mwezi, na raya, mstari, kwa hiyo huacha ufa mdogo mbele yake. Abrupto, litokalo katika ab- na rumpere, kuvunja, liko njiani bado: wapo wasemao ab-rup-to, na wapo wasemao a-brup-to, ambao ab- haiwaambii kitu tena.

Akademia ya Kifalme ya Kihispania, iliyoasisiwa mwaka 1713, katika kitabu chake cha tahajia cha mwaka 2010 inaruhusu neno lenye kiambishi kinachotambulika likatwe mwishoni mwa mstari kwa njia mbili, de-sarmar au des-armar. Ruhusa hii naiona ya haki, lakini ni ya mwandishi na mpiga chapa, wala haigeuzi silabi. Kosa ni letu sisi walimu tuifanyao ushahidi kwamba des ni silabi ya neno hilo. Nami nimepata kuwapunguzia alama wanafunzi walioandika de-sar-mar. Wao walikuwa na haki, mimi sikuwa nayo.

Tangu hapo huanza na sublime na sublunar. Wanafunzi huyasikiliza mara kadhaa kabla sijataja Kilatini, na aghalabu mmoja wao huuliza mwenyewe kwa nini la pili limesimama pale katikati.