Yule Alikuwa Chatu

Mliokuwa uwanjani Kisesa, Magu, kwenye mashindano ya ngoma mlimwona. Kiongozi wa ngoma alifungua sanduku, akatoa chatu mchanga, akajiviringishia shingoni, kisha akashika kipaza sauti na kutangaza: "Kifutu!" Vigelegele vikapaa. Upande wake ulivuta watu wengi kuliko wapinzani, lakini kwangu mimi walishindwa pale pale.

Ngoma yenyewe ilipigwa vizuri. Mzee wa kundi lake naye, alipomtoa swila, aliwarudisha watoto nyuma kwanza, maana swila hulenga macho.

Lakini chatu kuitwa kifutu! Chatu hana sumu, anaua kwa kubana. Yule bwana alitaka tishio la jina la kifutu pamoja na usalama wa kumshika chatu. Na alijua tutadanganyika, kwa sababu chatu akiwa mdogo ni mnene, wa kahawia, mwenye mabaka, na mtu wa mbali humchanganya na kifutu. Muyeye, yaani mwanachama wa Buyeye, ngoma ya nyoka, hana ruhusa ya kuwachanganya. Utosini chatu ana alama kubwa ya ncha ya mkuki, na kwenye mdomo wa juu ana vishimo vya kuhisia joto. Kifutu ana alama za V zilizopangana mgongoni kuelekea mkiani, magamba yake yanakwaruza, mkia ni mfupi. Ukimkaribia anafura na kufoka, ila hakimbii. Analala palepale njiani, ndiyo maana anauma watu wengi.

Sasa mfikirieni mtoto wa Magu aliyeshuhudia "kifutu" mpole akitulia shingoni mwa mtu. Kesho anamkuta kifutu wa kweli kwenye njia ya shamba la pamba. Atarudi nyuma, au atanyoosha mkono?

Nimeshasema, na nitaendelea kusema, kwamba tangu Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma vya Wasukuma, waanze kushindana kwa kuhesabu umati, mchezaji anafundishwa kutafuta kelele. Vipaza sauti vimezidisha ugonjwa. Buyeye ya wazee ilikuwa chama. Mtu aliingizwa, akafundishwa nyoka na dawa za kuumwa, na ujuzi huo ndio uliompa haki ya kucheza nao mbele za watu. Hata Ionides, Mwingereza aliyeitwa Bwana Nyoka huko kusini hadi alipofariki mwaka 1968, alipata jina kwa kuwajua nyoka. Leo sanduku linanunuliwa kwanza, elimu itafuata ikipenda.

Na hakuwa na haja ya kudanganya. Angesema tu, "Huyu ni chatu," akamsogeza mbele ya watu, akawaonyesha ule mkuki wa utosini na vile vishimo vya mdomoni, akamwacha ajikaze mkononi mwake mpaka waliokaa mbele waone misuli inavyokaza. Kisha angewaeleza kifutu anatofautianaje naye. Umati wa Kisesa usingeondoka.