Range Alipotoka Ofisini

Mwaka 1896, mjini Buffalo katika jimbo la New York, kijana mmoja ambaye bucha yake ilikuwa imekufa aliingia ofisi ya National Cash Register. Alikwenda kushughulikia deni la mashine ya kuhesabia mauzo aliyoichukua kwa malipo ya awamu, akaishia kuomba kazi. Mkuu wa ofisi, John Range, alimkatalia zaidi ya mara moja kabla ya kumpokea. Kijana akazunguka mjini karibu wiki mbili, akarudi bila oda hata moja. Range akamfokea vibaya. Kisha akatoka naye, wakaingia madukani pamoja, Range akauza na kijana akatazama.

Kijana huyo ni Thomas Watson, ambaye baadaye aliijenga IBM. Watu wa mauzo hupenda kukisimulia kisa hiki kama habari ya bosi mkali mwenye huruma ndani yake. Huruma labda ilikuwepo. Lakini kwa anayeshika timu ya mauzo kwa mara ya kwanza, cha kuchunguza ni kitu kingine: kwa nini kutoka pamoja kulifanya kazi, wakati mameneja wengi wapya hutoka na vijana wao kila wiki na hakuna kinachobadilika?

Mashine yenyewe ilikuwa ngumu kuuza. Aliyeibuni ni James Ritty, mwenye baa mjini Dayton, Ohio, mwaka 1879, kwa kuchoshwa na wahudumu waliodokoa fedha za mauzo. John Patterson alipoinunua biashara hiyo mwaka 1884 na kuiita National Cash Register, adui wa kwanza wa muuzaji alikuwa karani wa kaunta, maana kuletewa mashine ile kulikuwa sawa na kuitwa mwizi. Mwaka 1887 Patterson alichukua maneno ambayo shemeji yake, Joseph Crane, muuzaji hodari, aliyatumia kwa wateja, akayafanya kijitabu na kuwataka wauzaji wote wakikariri. Mazungumzo yaligawanywa hatua nne: kumwingia mwenye duka, kumwekea hoja, kumwonyesha mashine ikifanya kazi, na kumfikisha kwenye sahihi.

Kukariri maneno ya shemeji wa bosi kunachekesha kidogo, na wapo wauzaji wa kampuni hiyo waliolalamika. Ila faida yake ni hii: Range alipokuwa akizungumza dukani, Watson alikuwa na cha kupimia. Aliweza kujua sasa tumetoka hatua ya kwanza, sasa mzee anaweka hoja. Bila hatua zinazojulikana, mwanafunzi huona ucheshi wa bosi na tabasamu lake tu, vitu ambavyo havirithishwi.

Jambo la pili ni fedha, na hili husahaulika. Patterson aliwapa mawakala wake maeneo yenye ulinzi: mashine ikiuzwa ndani ya eneo lako, kamisheni ni yako, awe ameiuza nani. Kwa hiyo Range hakuwa na sababu ya kushindana na kijana wake. Buffalo ilikuwa shamba lake, na kilichompungukia ni mikono ya kulima. Kila saa aliyompa Watson ilikuwa inarudi kwake.

Sasa mtazame meneja mpya wa kwetu, tuseme wa bidhaa za madukani, Mbagala. Juzi alikuwa muuzaji namba moja; leo amekabidhiwa vijana sita na pikipiki zao, lakini pia ameachiwa wateja wake wakubwa watatu “asije akawapoteza”, pamoja na lengo lake binafsi la mwezi. Anatoka na kijana, mwenye duka anaanza kusitasita juu ya bei, na kabla kijana hajafungua mdomo bosi amekwishaingia kati: anapiga simu, anaomba punguzo, oda inaandikwa. Kijana anashukuru. Wiki inayofuata anakwenda peke yake, na mwenye duka anamuuliza, “Yule bosi wako yuko wapi? Yule ndiye tunaelewana.”

Kijana amenyang'anywa mteja, na aliyefanya hivyo anaamini amefundisha. Simlaumu sana. Aliyempandisha cheo alimlipa kwa kuuza, hakumlipa kwa kuwafanya wengine wauze, na mwisho wa mwezi mtu huenda ziliko fedha zake. Kama ningekuwa na nafasi ya kumshauri jambo moja kabla ya Jumatatu yake ya kwanza, ningemwambia akazungumze na wakubwa wake juu ya wale wateja watatu: wagawiwe vijana, kwa tarehe inayojulikana. Kikao cha asubuhi, ripoti za WhatsApp na ramani za ruti vinaweza kusubiri.

Kutoka Buffalo, Watson alipewa timu yake mwenyewe mwaka 1899, tawi la Rochester, lililokuwa likifanya vibaya. Akaliinua haraka, akiwabana washindani, mpaka Makao Makuu ya Dayton yakamwona. Hapa ndipo wasimuliaji wengi hufunga kitabu, nami sioni haki kufanya hivyo, kwa sababu umahiri ule ule wa kuwabana washindani ndio Patterson aliokwenda kuutumia. Mwaka 1903 Watson alipewa fedha za kampuni aanzishe biashara ya mashine zilizokwishatumika, kwa sura ya mtu anayejitegemea, ili kuwaondoa sokoni wauzaji wa mashine kuukuu. Mwezi Februari 1913, yeye, Patterson na wakuu wengine wa kampuni walitiwa hatiani kwa kuvunja sheria ya ushindani, na Watson akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Alikata rufaa. Kabla mwaka haujaisha Patterson alikuwa amemfukuza kazi.

Kampuni ya CTR, iliyobadili jina kuwa IBM mwaka 1924, ilimchukua Mei 1914. Alifika na elimu yote ya Dayton: mafunzo ya wauzaji, malengo ya mauzo, maeneo. Ila bodi ilimpa cheo cha meneja mkuu tu, na kiti cha rais wa kampuni kikasubiri hadi mwaka 1915, hukumu ile ilipotenguliwa.