Ustahimilivu na Utulivu wa Nafsi katika Sauti ya Dhiki

Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, akaachiliwa mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni, akiyaandika kwenye karatasi za msalani, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kwa kuwa msimamo wake haukuyumba, ni rahisi kuyasoma kama ushahidi kwamba anayestahimili hujaliwa utulivu wa nafsi. Usomaji huo unaipa diwani sifa ambayo yenyewe haikuidai.

Sarufi ya vichwa vya mashairi inatosha kuutilia shaka. "Siwati" ni ukanushi wa kitenzi cha Kimvita -wata, yaani -acha. Kinataja tendo linalokataliwa. Hali ya moyo wa mnenaji hakiigusi. "N'shishiyelo ni Lilo" nacho kina umbo timilifu la kale la -shika: mkono ulikwisha kushika na ungali umeshika. Kirejeshi -lo chaashiria neno au jambo fulani, ila jambo lenyewe halitajwi. Katika vichwa vyote viwili ustahimilivu ni tendo, na raha haimo.

Jina la diwani lasema zaidi. Dhiki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ufinyu. Kwa mfungwa aliyetengwa katika chumba kidogo, sitiari imerudi kuwa maana ya msingi. Tena sauti inayosikika ni ya dhiki, wala haikuitwa ya subira.

"Jipu" limezoeleka kufasiriwa kisiasa, na fasiri hiyo ina mashiko. Hata hivyo, ikishikiliwa peke yake, maumivu husahaulika: jipu huzidi kuuma kadiri linavyoelekea kuiva, na anayelingoja hapunguziwi uchungu kwa kungoja kwake.

Dalili ya nafuu, kama ipo, imo katika utunzi wenyewe. Vina na mizani humlazimu mtunzi kuhesabu, kubadili neno, kurudi nyuma. Akili iliyonyimwa jamaa hupata shughuli. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute" hupata hata mpinzani. Mfungwa asiye na wa kusemezana naye aliwatungia Badi na Alii ugomvi wa mnazi, akawa ndiye anayedai na ndiye anayejibu.