Hisani au Mchango? Sauti za Podikasti katika Tamasha la Mtandaoni

Desemba 2020, wakati kumbi za maonyesho zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, ndugu watatu wa Marekani, Justin, Travis na Griffin McElroy, walihamishia mtandaoni tamasha lao la mwisho wa mwaka liitwalo Candlenights. Ndugu hawa wanajulikana kwa podikasti yao ya vichekesho, My Brother, My Brother and Me, iliyoanza mwaka 2010. Candlenights nayo ilianza kama utani ndani ya podikasti hiyo: sikukuu ya kubuni, isiyo ya dini yoyote, ambayo kila mtu angeweza kuisherehekea. Utani ukazaa onyesho la jukwaani katika mji wao wa nyumbani, Huntington, jimbo la West Virginia, na mapato yakawa yanatolewa kwa mashirika ya mji huo huo. Watu walipokatazwa kukusanyika, skrini ikachukua nafasi ya jukwaa, na fedha zikaenda kwa Harmony House, shirika linalowahudumia watu wasio na makazi hapo Huntington.

Katika insha hii nataka kulihakiki tamasha la namna hii kama tunavyohakiki tamthilia darasani: nani anazungumza, nani anazungumziwa, na nani yumo katika kisa bila kupewa neno la kusema. Wengi wakisikia fedha zinakwenda kwa wahitaji huona hapana la kuhakiki tena. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu ombi la fedha ni utungo. Lina msimulizi, lina wahusika, na lina hadhira inayotarajiwa kufanya jambo baada ya kusikiliza.

Nianzie kwenye lugha, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Kiswahili kina neno hisani na kina neno mchango, na mara nyingi tunayatumia kana kwamba ni pacha. Sivyo. Hisani hutoka kwa aliye nacho kwenda kwa asiye nacho, na haigeuzi njia. Ndiyo maana redioni tunasikia kwamba kipindi kimeletwa kwetu "kwa hisani ya" kampuni fulani: jina linalotajwa ni la mtoaji, sisi wapokeaji hatuna jina. Kuchanga ni tendo la wengi. Tunachanga, tunachangishana, tunachangiana. Leo kwangu, kesho kwako. Zaidi ya hayo, kitenzi hiki kina maana ya pili: mtu huchangia fedha na huchangia mada. Mbunge husimama akatoa mchango wake, na hatoi hata senti. Kwa hiyo anayeshiriki mchango ana mambo mawili, mfuko na mdomo. Hiki ndicho kipimo nitakachokitumia.

Sisi Waganda tunalijua vizuri tamasha la hisani kutoka upande wa pili wa kamera. Februari 2019 mtangazaji wa Uingereza, Stacey Dooley, alikuja Uganda kwa kazi ya Comic Relief, shirika linaloendesha Red Nose Day, usiku wa vichekesho vya runinga wa kuchangisha fedha ulioanza mwaka 1988. Akaweka mtandaoni picha yake akiwa amembeba mtoto. Mbunge David Lammy akasema hadharani kwamba dunia haihitaji tena wakombozi weupe, na mjadala ukawaka magazetini kwa wiki kadhaa. Mwaka huo makusanyo ya usiku ule yalikuwa pauni milioni 63 na kidogo, yakiwa yamepungua kutoka zaidi ya milioni 71 za mwaka 2017. Oktoba 2020 Comic Relief likatangaza kuwa halitawatuma tena watu mashuhuri Afrika kupiga filamu za kuomba michango, na kwamba kazi hiyo itafanywa na watengenezaji filamu wa Afrika wenyewe. Ninachokumbuka mimi katika kelele zile ni jambo dogo. Lammy alisema, Dooley alijitetea, wahariri waliandika. Mtoto alikuwa na umri wa kubebwa, sawa, lakini alikuwa na watu wake. Katika yote niliyosoma wakati ule, sikukuta mahali walipochangia mada.

Podikasti ilipoingia katika kazi hii ilileta matumaini, kwa sababu haina picha. Mtoto hawezi kuwekwa kiunoni mwa mgeni kwa sikio. Mfano mkubwa wa sasa ni Podcasthon, ulioanzia Ufaransa mwaka 2023 na mwaka 2025 ukafunguliwa kwa waandaaji wa podikasti wa nchi nyingine. Katika juma moja la Machi, kila mwandaaji anayejiunga hutenga kipindi kimoja kwa shirika la hisani analolichagua mwenyewe. Hakuna jukwaa kuu wala mfuko mmoja. Tamasha ni ule wingi wa vipindi vinavyotoka kwa pamoja. Nalisifu kwa hilo, kwani mwenye podikasti ya mpira anaweza kuzungumzia shirika la mtaani kwake bila kusubiri idhini ya mkubwa. Udhaifu wake uko hapo hapo. Anayechagua ni mwenye maikrofoni, na atakayealikwa kuzungumza kwa kawaida ni msemaji wa shirika, mtu aliyezoea mahojiano. Anayehudumiwa na shirika hilo anabaki nafsi ya tatu: "wao", "walengwa", "wanufaika". Picha imeondoka lakini sarufi yake imebaki.

Tena sauti ina hila yake. Mwaka 1956 Donald Horton na R. Richard Wohl, wakichunguza redio na runinga, walieleza jinsi msikilizaji anavyojenga urafiki na mtangazaji asiyemfahamu: anamjua, anamwamini, anamkosa asipokuja. Podikasti imeuzidisha urafiki huo wa upande mmoja, kwa kuwa inasikilizwa kwa visikizio, peke yako, ndani ya taksi au ukiosha vyombo. Mwenye podikasti anaposema "jamani, tuchangie", tunamtolea yeye. Ni kama rafiki ameomba. Je, kuna ubaya gani ikiwa fedha inafika? Ubaya wake ni kwamba yule mwenye shida hana haja ya kujulikana ili kazi ifanyike, na mtu asiyehitaji kujulikana ni rahisi kumsemea lolote.

Tukirudi Huntington kwa kipimo hiki, Candlenights inapata alama nzuri kuliko nilivyotarajia. Kwanza, haiombi kwa machozi. Ni vichekesho na nyimbo za familia ya McElroy na rafiki zao. Hakuna anayeletwa mbele ili tumhurumie. Pili, na hili ndilo kubwa, mtoaji na mpokeaji wanatoka mji mmoja. Clint McElroy, baba wa hao ndugu, alikuwa mtangazaji wa redio wa Huntington kwa miaka mingi kabla wanawe hawajashika maikrofoni. Mji wenyewe umewahi kuwa yule mtoto wa pichani: Agosti 2016 watu zaidi ya 20 walizidiwa na dawa za kulevya ndani ya saa chache, na kuanzia hapo waandishi wakawa wanakwenda Huntington kutafuta sura ya maafa ya heroini. Kwa hiyo watu wa mji huo wanaposimama kuuzungumzia kwa utani wao, tayari wamechukua nafsi ya kwanza. Msimulizi wa aina hii akidanganya, atakutana na aliyemdanganyia dukani.

Hata hivyo wasio na makazi wenyewe hawamo. Najua jibu litakalotolewa, kwamba kutowaonyesha ni kuwaheshimu, na nakubali nusu yake. Kumsitiri mtu ni heshima iwapo ameulizwa. Asipoulizwa, kumsitiri na kumnyamazisha havitofautiani kwa anayetazama kutoka nje. Tamasha la vichekesho lingeweza kabisa kumpa maikrofoni mtu aliyelala barabarani ili naye atoe mzaha wake mbaya kama wa wengine.

Nayasema haya nikiwa na deni. Mwaka wa pili chuoni, hapa Kampala, mwenzetu mmoja alivunjika mguu katika ajali ya bodaboda na akahitaji upasuaji. Tulifungua kundi la WhatsApp la kuchangisha shilingi milioni 3. Mnajua utaratibu: orodha yenye namba, jina na kiasi, kila mtu anainakili, anajiongeza chini, anairudisha, aliyetuma fedha kwa simu anawekewa alama ya vema, ambaye hajatuma huandikiwa "ahadi". Baada ya siku nne orodha ikakwama. Jamaa mmoja wa darasa letu alikuwa na podikasti yenye wasikilizaji wachache lakini waaminifu. Tukaamua kuandaa jioni moja ya mtandaoni, yeye na rafiki zake watatu wenye podikasti, kila mmoja na dakika 20. Mimi, kwa kuwa nilisifika kwa insha, nikapewa kazi ya kuandika maelezo ya mgonjwa.

Niliandika vizuri mno. Nikamfanya yatima. Sikukusudia uongo, nilijua baba yake amefariki, nikaona neno "yatima" lina uzito, na kalamu ikaendelea yenyewe mpaka akawa hana mtu duniani. Msomaji wa maelezo yale alikuwa na sauti nzito ya kupendeza. Fedha zikaanza kuingia usiku ule ule.

Asubuhi mgonjwa akatuma ujumbe wa sauti kundini, sekunde 40 hivi, nyuma yake zikisikika ndoo za wadi. Alisema hakuwa amesikiliza tamasha kwa sababu bando lilimwishia, ila dada yake alikuwa amemsimulia. Akaendelea: "Ndugu zangu, asanteni. Lakini mama yangu yuko hai, anauza ndizi Kalerwe, na jana yeye ndiye aliyeniletea chakula. Msimuue. Ninachohitaji ni mguu."

Wawili waliotoa walidai warudishiwe, wakisema wametapeliwa, na walirudishiwa. Wengine walicheka, wakaongeza. Fedha ilitimia baada ya wiki tatu, polepole, nyingi zikiwa za elfu 2 na elfu 5. Siwezi kusema ni ujumbe wake uliozileta. Siku hizo mikopo ya wanafunzi ilikuwa imetoka, na hilo pengine lilisaidia zaidi ya sauti yoyote.

Nimelitaja bando kwa makusudi. Kuanzia Julai 2018 serikali yetu ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Tamasha la saa tatu mtandaoni lina kiingilio hata likitangazwa kuwa ni bure, na kiingilio hicho humshinda kwanza yule linayemzungumzia. Ujumbe wa sauti wa sekunde 40 ni rahisi kuliko hapo. Ndiyo maana naamini tungo bora za uchangishaji katika eneo letu hazimo kwenye matamasha bali kwenye simu zetu, na wahakiki tunazipita kwa sababu hazina jina la mwandishi.

Yule mwenzetu alitembea tena, kwa kuchechemea kidogo. Waandaaji walimwomba aje kwenye kipindi cha shukrani, naye akakataa kwa adabu. Muhula uliofuata tulianzisha orodha nyingine, ya mazishi ya baba wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Jina lake lilikuwa la tisa: shilingi 5,000, alama ya vema. Langu lilikuwa la kumi na moja, na mbele yake pameandikwa "ahadi".