Kijivu kisichofutika: MilkDrop na hesabu ya rangi

Tangu Ryan Geiss aitoe MilkDrop mwaka 2001 kama programu-jalizi ya kicheza-muziki cha Winamp, watu wamekuwa wakilalamikia jambo lile lile: picha zinazocheza na muziki ni nzuri, ila kwenye skrini kubwa zinaonekana chafu. Dawa ya kwanza ya wengi ni kupandisha rezolusheni. Mara nyingi uchafu unabaki pale pale, kwa sababu chanzo chake ni hesabu.

MilkDrop haianzi kila fremu na karatasi tupu. Huchukua fremu iliyopita, huivuta au kuizungusha kidogo, huififisha, kisha juu yake huchora wimbi la sauti inayosikika wakati huo. Ni fotokopi ya fotokopi, mara 30 au 60 kwa sekunde, na kosa dogo la fremu moja hurithiwa na zote zinazofuata.

Tazama kule kufifisha. Priseti nyingi, yaani faili za maelekezo ya kuchora, huzidisha mwangaza wa kila pikseli kwa namba kama 0.98. Rangi ya biti 8 ina ngazi kuanzia 0 hadi 255, na nusu ngazi haipo. Pikseli yenye 200 hushuka hadi 196, hakuna tatizo. Yenye 24 ilipaswa kuwa 23.52, lakini kadi ya michoro ikikamilisha kwenda namba iliyo karibu, huandika 24. Fremu ijayo, 24 tena. Imekwama. Pale palipotakiwa kuwa peusi panabaki kijivu chenye alama za mawimbi yaliyokwisha kupita.

Sasa mtumiaji anataka mwendo laini, anatoka fremu 30 kwa sekunde kwenda 60. Kwa 0.98, mwanga uliokuwa ukibaki na asilimia 54 hivi baada ya sekunde moja sasa unabaki na 30 tu. Michirizi inakuwa mifupi. Ili kuirudisha urefu wake, anaweka 0.99. Vizuri, ila sasa kila thamani iliyo chini ya 50 haishuki tena! Yaani karibu moja ya tano ya ngazi zote za mwangaza imegeuka kuwa takataka isiyofutika. Kuongeza ulaini ndiko kulikozidisha uchafu, na hili ndilo wanaorekebisha mipangilio kwa kubahatisha hawaligundui.

Njia mbili zinafaa. Ya bei rahisi ni kutoa badala ya kuzidisha: MilkDrop 2, iliyokuja mwaka 2007 na kuruhusu waandishi wa priseti kuandika sheda (programu ndogo za kadi ya michoro) zao wenyewe, inawezesha kupunguza 0.004 kwenye kila rangi, kiasi kinachozidi kidogo tu ngazi moja ya 255. Kila pikseli inalazimika kushuka hadi sifuri. Sipendi sana matokeo yake, maana mwanga unazimika kwa mstari ulionyooka na kupoteza ule mfifio wa taratibu. Njia ya pili ni kuhifadhi fremu kwa namba za desimali za biti 16. Fremu ya 1920 kwa 1080 inapanda kutoka MB 8.3 hadi 16.6, gharama ambayo kadi ya leo haiisikii, kisha nukta za kelele hafifu huongezwa mwishoni, picha inaporudishwa biti 8 kwa ajili ya skrini. Anayeweza kugusa msimbo, kama wa projectM, programu huria inayocheza priseti za MilkDrop, aanzie hapo.

Baada ya hapo ndipo uguse wavu ambao MilkDrop huutumia kuvuta na kuzungusha fremu iliyopita. Milinganyo ya mwendo hukokotolewa kwenye vifundo vyake tu, na kati ya kifundo na kifundo picha hunyooshwa. Ndiyo maana kimbunga cha katikati ya skrini huonekana kina pembe. Wavu wa 48 kwa 36 una vifundo 1,813. Ukiuongeza mara mbili kila upande unapata 7,081, na prosesa ndiyo inayobeba mzigo huo kila fremu.

Upande wa sauti, muziki unapogawanywa kwa masafa ili picha ziufuate, kila faida ina hasara yake. Sampuli 1,024 za muziki wa 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 23, na zinatenganisha masafa kwa hatua za Hz 43, kwa hiyo nota mbili jirani za gitaa la besi huangukia hatua moja. Ukichukua 2,048 besi inatengana vizuri zaidi, lakini pigo la ngoma linachelewa kuonekana. Kwa muziki wa kasi kama singeli ningebaki na 1,024.