Barua Isiyomtaja Mgonjwa

Zipo barua ambazo lugha yake haina kosa, tena hufika kwa wakati, na bado hazifai kitu. Nazungumzia barua pepe za onyo ambazo mashine huwaandikia mafundi wa seva. Nimezisoma kwa miaka mingi, nyingi zake usiku wa manane, na naona zinastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine yoyote.

Mfano wake ni huu: "HATARI: klasta ya hifadhidata haijibu." Klasta, msomaji, ni seva kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, kila moja huitwa nodi. Sasa ni nodi ipi isiyojibu? Ni sawa na kumpigia simu mganga aliye Bukoba na kumwambia, "Muleba kuna mgonjwa, njoo upesi." Muleba ya wapi? Mji wenyewe uko mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa barabara ya lami, lakini wilaya hiyo hiyo ina Bumbire na Goziba, visiwa vya Ziwa Victoria. Apande basi au atafute mtumbwi?

Madhara yake si usumbufu tu. Klasta nyingi huwa na anwani moja ya pamoja inayohama. Nodi iliyoishika ikianguka, anwani huhamia kwa nyingine iliyo nzima. Fundi aliyeamshwa huingia kwa anwani hiyo na kukuta kila kitu shwari, maana amebisha hodi kwa mzima! Akiwa na pupa, ataizima hiyo hiyo ili aiwashe upya. Klasta ya nodi 3 kwa kawaida huhitaji 2 zilizo hai ili iendelee. Moja ilikwisha anguka, ya pili kaizima yeye. Kama ni ya hospitali, dirishani wagonjwa wanaambiwa wasubiri, na madaftari ya zamani yanaanza kutafutwa kabatini.

Wako wanaosema programu ndivyo inavyoandika. Sikubali. Nagios, iliyoanza mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, ina nafasi ya jina fupi la mashine, jina refu na anwani. Aliyeiweka ndiye huchagua kipi kiingie katika barua. Mara nyingi kosa limetangulia barua: programu imeagizwa ichungulie anwani ya pamoja peke yake, wala si kila nodi. Hapo hata ukijaza nafasi zote za majina, utapata jina la ukoo tu.

Mimi ningeandika hivi: "muleba-2 haijibu tangu saa 8:14 usiku, muleba-1 na muleba-3 zinaendelea, anwani ya pamoja iko muleba-3." Jina nimelitanguliza kwa sababu simu hukata kichwa cha barua katikati, na "HATARI" ikikaa mbele huenda ikawa ndiyo yote atakayoisoma mtu aliye kitandani.