Sauti Hiyo ni ya Nani?
Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha The African Mind in Health and Disease, kitabu cha J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi. Eti Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyepasuliwa ubongo! Mila zetu anazitaja, ila kama upungufu. Hapa Mayoni, marehemu babu akikujia ndotoni kudai mtoto apewe jina lake, hatusemi umerukwa na akili; tunampa mtoto jina. Mwaka 1984 Ndetei na Vadher walilinganisha wagonjwa wa skizofrenia wa asili mbalimbali jijini London. Kusikia sauti na kuona maono hakukulingana. Tofauti ipo, basi. Carothers aliihesabu kasoro. Daktari mwema huuliza kwanza: kwenu, sauti hiyo ni ya nani?